Chupa Kumi na Mbili za Kisiwani

Adeer Yusuf, mzee wangu,

Mto umekula kisiwa chetu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuulizia mbuzi wako. Tulipokuzika, Tana ilikuwa bado imetulia. Wiki iliyofuata mafuriko yakafika Balambala, na pale tulipotega panya miaka mitatu, mwalimu na mwanafunzi wake, sasa ni maji matupu. Panya wamekwenda nayo, na minyoo yao tumboni.

Zimebaki zile chupa kumi na mbili za mwisho tu, na mimi nimeziharibu.

Ni siku ile homa ilipokulaza mkekani. Nilipasua panya peke yangu, wa kisiwani na wa ng'ambo ya mto, nikatia minyoo yao kwenye chupa za spiriti. Penseli sikuiona, na jua lilikuwa kali, panya wangeoza. Nikaandika vikaratasi kwa kalamu ya wino, nikavitumbukiza ndani. Tangu siku ya kwanza ulikuwa ukiniambia, "Benseli, Halima. Sbiriti inakunywa wino." Nilikuwa nacheka unavyotamka. Sikukuambia nilichofanya, Adeer, ukafa hujui.

Leo asubuhi nimefungua sanduku. Vikaratasi vyote ni vyeupe. Sijui minyoo ipi ilitoka kisiwani na ipi ng'ambo.

Daktari wa mradi wa utafiti uliotuajiri anakuja kuchukua chupa baada ya alasiri. Chupa saba zimejaa minyoo, tano karibu hazina kitu. Wewe ulishikilia kwamba panya wa kisiwani, waliobanana pale bila pa kukimbilia, lazima wawe na minyoo zaidi, na daktari akakutania mbele za watu. Nikiandika "kisiwani" kwenye zile saba, umeshinda. Nani atajua? Kisiwa chenyewe hakipo. Nilishika penseli, nikaandika "ki".

Ndipo nikakumbuka siku mifuko miwili ilipofunguka ndani ya mtumbwi, panya wakachanganyika. Nilitaka kuwagawa kwa kukisia. Hukukasirika. Ulisema, "Andika hatujui, twende tule."

Nimeifuta ile "ki". Kwenye vikaratasi vyote kumi na viwili nimeandika "hatujui". Nimelia, kwa sababu nilitaka ushinde. Nilitaka sana.

Nasikia gari la daktari nje. Nitamwambia kosa ni langu, si lako, na akinifukuza, ana haki. Lakini maji yakipungua mto utaacha kisiwa kingine mahali fulani, na nitakwenda na mitego yako, na mradi au bila mradi, nianze na panya wa kwanza.

Allah akupanulie kaburi, Adeer. Lala, usihangaike na chupa tena.

Barua hii nimeiandika kwa penseli.

Halima wako