Vidole Bila Tasbihi

Mbale, Jumatano

Eti Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ni wa wazungu! Mkuu wa idara amenitolea hayo leo asubuhi mbele ya wenzangu, akanishauri niachane na hizi seli za ubongo zinazokufa, nitafute utafiti "unaowahusu watu wetu." Lakini siachi.

Mchana nimekwenda Busiu kumwona Haji Juma, ambaye analalamika kwamba miguu imekuwa mizito. Mkewe alinipokea huku akimsifu. "Daktari, huyu mzee sasa anamcha Mungu kweli. Hata akikaa tu, vidole vinavuta uradi."

Nikatazama. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana juu ya goti, polepole, bila kukoma. Tasbihi yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani. Nilipompa kikombe cha chai, vidole vikatulia. Alipokiweka chini, vikaanza tena.

Kwa hiyo wagonjwa wa Parkinson wapo hata kwetu. Wamekaa safu ya mbele msikitini, na sisi tunawaita wacha Mungu. Nimemwambia Haji ukweli, na kwamba dawa ya kumpunguzia ipo. Mkewe ndiye aliyelia.

Njiani kurudi nikamkumbuka marehemu Baba, kule Jinja. Mimi nilikuwa chuoni nikisomea seli hizi hizi, na kila likizo nilikaa karibu naye nikimsifu kwa uradi wake.

Kesho nampelekea mkuu daftari la wagonjwa wetu. Haji ni wa pili. Jina la kwanza ni la Baba.