Mshonaji, Dereva na Mashine Kubwa

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unatembea bila kujishika ukutani. Mimi ni mzima, ila kuna jambo linanikereketa.

Hapa chumba cha picha cha hospitali, ninapopiga altrasaundi, tuna wagonjwa wenye ugonjwa wa utumbo kuvimba, ule usioisha, tunaowaona mwaka hadi mwaka. Hata wakija kuangaliwa maendeleo tu, wanapelekwa MRI, ile mashine kubwa ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mashine ile inakula umeme hata ikiwa imekaa bure. Umeme ukikatika, jenereta linanguruma nyuma ya jengo na moshi wote unaingia madirishani mwa wodi ya watoto. Nilimwambia mkuu wa idara kwamba wengi wao altrasaundi ingewatosha. Akanijibu mbele ya wenzangu: "Sisi tunatibu watu, hatutibu hewa." Wakacheka.

Wewe ni fundi umeme wa miaka mingi. Nifanyeje?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linanuna tu likiona ngazi.

Usibishane na mkuu wako kwa maneno. Pima. Si yeye, mashine! Mwombe fundi wa hospitali ile mita ya kubana kwenye waya. Andika inavuta kiasi gani ikipiga picha, ikingoja mgonjwa, na Jumapili wakati hakuna mtu. Andika hata majibu usiyoyapenda. Na usiichukie mashine. Yupo mgonjwa atakayeihitaji, na siku hiyo uwe wa kwanza kumpeleka.

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya huu wote. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Tulipima wiki sita. Jumapili nzima, chumba kitupu, mashine yetu ilikuwa inavuta theluthi ya umeme inaouvuta ikiwa kazini! Mkuu alianza kuzisoma karatasi amesimama, kisha akaketi. "Haya, jaribu hiyo altrasaundi yako," akasema. "Lakini ugonjwa hata mmoja ukikupita, unatoka idara hii."

Wa kwanza alikuwa mama mshonaji, mwaka wa tisa na ugonjwa huu. Nikamgeuzia skrini auone utumbo wake. "Kumbe ndiye huyu anayenitesa!" Ukuta wa utumbo ulikuwa umepungua unene, dawa inafanya kazi. Akarudi kwenye cherehani yake bila sindano ya dawa ya picha wala kuingizwa kwenye lile handaki la MRI.

Wa kumi na saba alikuwa dereva wa lori. Niliona kivuli kirefu kuelekea nyongani, nikashindwa kukifuata. Nilijua watasema mambo yangu yamefeli, Baba. Nikamsukuma mwenyewe hadi MRI. Lilikuwa jipu. Alipasuliwa siku ileile, na sasa anatembea.

Nilijua nimekwisha. Jana mkuu akaitisha kikao, akanionyesha kwa kidole: "Huyu anajua mgonjwa yupi ni wa mashine ipi." Kuanzia kesho wa kufuatiliwa wanaanzia kwangu. Wikiendi MRI inalazwa usingizi, unabaki kuwaka mtambo wa kuipooza tu. Na jenereta linahamishwa, mbali na watoto.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili!

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwa kinyozi, povu likiwa nusu ya uso wangu. Akauliza, "Kwani binti yako ndiye daktari?" Nikamwambia, "Hapana. Ni yule ambaye daktari mkuu anamsikiliza."

Kile kipande cha dereva nilikirudia mara tatu. Mimi nilikushauri kirahisi, nimekaa zangu kitini. Wewe ulifanya huku kazi yako iko hatarini. Ungeweza kunyamaza. Nimefunga nyaya kwenye majumba makubwa, lakini sijawahi kusimama mahali pagumu namna hiyo.

Kinyozi naye alinogewa, akasahau wembe, akanikwaruza sikio. Sikumlaumu. Nilitoka pale kifua mbele, plasta sikioni, nikapita njia ndefu ili watu waniulize kulikoni.

Baba yako