Mama na Dada Yake Kwenye Somo la Kwaresima

Mjukuu wangu Tumaini,

Ugonile? Hapa Mbugani tu wazima, babu yako anashinda kwenye mpunga.

Umeuliza kama ukasome somo la Kwaresima na vijana wa makanisa mengine. Nilipokuwa msichana, mama yangu, Mmoraviani, alikuwa hasalimiani na dada yake tangu dada huyo alipoolewa na Mkatoliki. Makanisa ya Bujonde yalipoanza somo la pamoja, wakajikuta benchi moja. Mama mkubwa akapewa aya asome, macho yakakataa. Mama akasogea, akamsomea sikioni, naye akairudia kwa sauti.

Walipotoka, mama akamwambia, “Dada, jioni njoo tule.”

Sitakuamulia, mjukuu wangu. Ila mama mkubwa alipofariki, mama ndiye aliyemwosha.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.