Masaa Tano Hadi Doha

Mama Neema wangu wa mbali,

Sasa mrembo. Leo sikutumii voice note, kwa sababu huko huwa naanza mchezo. Niko hapa kibandani Mashimoni, viatu za watu nimezipaka gundi, nangoja zikauke, naandika. Nikimaliza nitapiga hii karatasi picha nikutumie.

Jana nilienda cyber nikaambia yule dada aniangalilie, kutoka airport ya Nairobi hadi ya Doha ni mbali aje. Akasema kilomita elfu tatu na kitu, ndege ni masaa tano hivi. Nikacheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Basi ya kwetu Kakamega inakula masaa nane, na hapo haijapata pancha. Yaani wewe uko karibu kuliko mamangu.

Unakumbuka siku ulienda hiyo kazi ya nyumba? Ulisema ndege inatoka saa tisa mchana. Saa tisa nikapanda juu ya mabati na leso yako, ndege ikapita chini chini, nikapunga mpaka mkono ukauma. Nikalia kidogo, usiambie watu. Mama Otis wa pale kwa maji akaniangalia akasema, "Baba Neema, hiyo ni ya airport ndogo ya Wilson, imebeba watalii. Bibi yako anatokea ile kubwa ya Embakasi." Mpaka leo plot yote inaniita Mtalii.

Na zile Jumapili nilikuwa nakurudisha kwenu Gatina, kabla tuoane? Kutoka huku hadi huko kwenu Kawangware ni mwendo wa saa moja kwa mguu. Sisi tulikuwa tunatumia tatu. Ulikuwa unasimama kwa kila duka, hata ya misumari. Nilidhani unapenda vitu. Kumbe hukutaka tufike.

Siku hizi nikishapaka gundi nafunga macho, naruka. Saa ya kwanza Marsabit, ngamia ni kama siafu. Halafu milima ya Ethiopia. Halafu bahari, imetulia kama blanketi imetandikwa. Halafu mchanga, mchanga, mchanga, halafu nakuona juu ya ghorofa unaanika nguo za watoto wa watu, na mimi napita polepole, hunioni. Kabla nishuke, customer anagonga meza, fundi umelala?

Sasa sikia. Ulipouliza kama usaini miaka mbili zingine, nilikujibu, "Saini tu, utaletea Neema ngamia." Ukacheka kidogo tu. Mama, nilikuwa naogopa. Nilidhani nikisema urudi utaona nakuzibia riziki. Juzi Neema akaniuliza kama Doha ni mbali kushinda kwa nyanyake Gatina. Nikamwambia ni masaa tano. Akafikiria.

"Si basi aje leo, arudi kesho."



Boss wako anataka kujua Ijumaa. Yangu ndio hii, na karatasi mbili nimetupa kwa sababu nilikuwa natia mchezo ndani: usisaini. Kazi tutatafuta huku tukiwa wawili. Nimechoka kuchekesha nyumba haina wewe.

Ni mimi bwanako,
Baba Neema