Jezi ya Vedasto

Sia, hutaamini! Leo mazoezini kapteni Chacha kamvua Vedasto jezi mbele ya timu nzima!

"Unanuka bia! Timu ya wanafunzi haitaki walevi."

Kamvua, Sia! Kijana kabaki kifua wazi pale bustani ya Liuhua, mabibi wa Kichina wameacha mazoezi yao wanamkodolea macho.

Unadhani aliinamisha kichwa? Wapi! "Jana bia mbili, kaka, na leo alfajiri nimezunguka ziwa la bustani hii mara mbili. Wewe wa maji matupu umezunguka ngapi? Twende sasa hivi. Ukinishinda, timu naacha."

Hata mzunguko mmoja haujaisha, Chacha kakaa chini, anahema kama feni mbovu!

Vedasto kaichomoa jezi yake begani mwa Chacha, kaivaa huku anakimbia. Mabibi makofi!

"Jioni nakunywa mbili nyingine. Njoo unishikie chupa, kapteni!"