Bima ya Moto Kwenye Njia ya Maji

Jumanne, Unyambwa

Eti hakuisoma vizuri! Mume wangu, anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, hakuisoma bima ya nyumba yake mwenyewe.

Leo wakala wa bima amekuja kuutazama ukuta wa jikoni ulioangushwa na maji ya korongo wiki iliyopita. Hata hakuingia ndani.

"Mama, bima yenu ni ya moto na wizi. Ya mafuriko mlitakiwa kuiongeza."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Baba alisema hapa maji hayafiki."

Nikamgeukia huyo baba. Anakuna kidevu. Majirani walitukataza kujenga hapa kwa sababu maji hupita, akawaita waoga. Na wakala naye! Alikuja kutuuzia bima kiangazi, akaliona korongo limekauka, akaridhika. Kumuuliza jirani mmoja tu kulimshinda. Mabingwa wawili wamekutana.

Jioni mawingu yamejaa tena. Mume wangu ananiuliza taratibu kama itanyesha. Nimemwambia ampigie wakala wake.

Naogopa, sitaki kujidanganya. Godoro la watoto nimelihamishia sebuleni, upande wa juu, mbali na korongo. Yeye alishika ncha ya pili, tukalibeba pamoja.