Kapu la Mkamwana

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mbili! Mbili juu ya tano! Mimi Ambindwile, karani wa kupokea majani hapa banda la chai Kyimo, mwaka wa kumi na nne huu. Mimi niliyeshuka na lifti ya mgodi kule Kitwe, Wazungu wakatoka jasho kabla yangu. Leo nimepewa mbili na kijana ambaye ndevu zake bado zinaomba ruhusa ya kuota.

Anaitwa Allen. Kampuni mpya imemleta kutoka Dar. Zamani, kabla ya wawekezaji, bosi akikupenda alikwambia endelea hivyohivyo, basi. Sasa kuna fomu. Tathmini. Akanisomea kama hakimu. Kwanza, natania mno na wakulima. Pili, mwandiko wangu unayumba. (Ulitaka usiyumbe na daftari liko juu ya goti?) Tatu — hapa akaivua miwani — kapu la mkulima namba 41 linapita mizani bila kukaguliwa. Amekuja mara tatu kimyakimya, mara tatu kaona.

Akauliza, Mzee, kuna nini na huyu 41?

Nikaomba kalamu nisaini. Mimi, bila hata utani mmoja!

41 ni Ikupa, mke wa mwanangu Amoni. Na kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, kitu chake hakiguswi. Akileta chai huliweka kapu pembeni, yeye anajificha migombani mpaka limwagwe. Kapu limetoka mgongoni mwake muda huohuo. Nitumbukize mkono? Na mtoto wa Dar nimweleze nini, aandike kwenye mstari gani wa fomu yake?

Nikasaini. Ijumaa atasimama mwenyewe kwenye mizani. Kila kapu, mkono mpaka chini, majani mawili na chipukizi, magumu yarudi shambani. Nikishindwa, kiti changu anapewa mhitimu wa kidato cha nne. Mimi nitashika fagio kiwandani.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwambia mke wangu nimepata nne. Sikupanga. Ilitoka yenyewe.

Atupakisye akapiga kigelegele, akachinja jogoo. Yule mwekundu! Nimemla pamoja na uongo wangu, na mfupa ukanikwama kidogo — haki yangu. Kisha akaenda kuwaambia akina mama wa kwaya.

Kukaa siwezi. Nimenoa panga lililokuwa kali. Nimekwenda barabarani kutazama malori ya Malawi yakipanda mlima, nikarudi, nikaenda tena. Mke wangu akauliza kama nimekanyaga siafu.

Jumatano, 4 Machi

Leo nimekuwa mkali. Kila kapu mkono ndani hadi kwapani. Nimerudisha majani magumu ya watu wanne, mmoja wao mzee wa kanisa langu mwenyewe. Lusungu, mpakiaji wetu, ulimi wake kama wembe: Tata, baba yangu, leo umekuwa mkunga? Watu wakacheka. Nikacheka pia.

Ikaja 41. Khanga ya kijani ikapotea migombani. Lusungu akalibeba kapu mpaka kwenye ndoano ya mizani, akanitazama. Mkono niliunyanyua kabisa! Ukaishia kukuna kichwa.

Nikaandika uzito. Mwandiko ukayumba.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua tangu asubuhi. Tumejibanza bandani, mimi na Lusungu, na mahindi ya kuchoma. Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Akasema, Tata, kwani wewe hujui?

Nijue nini?

Akasema, watu wote wa huku juu wanajua. Ukiwa na majani magumu, unampitishia Ikupa. Kapu lake ndilo halichunguliwi. Wiki iliyopita kulikuwa na ya watu watano mle.

Nilisimama nikagonga kichwa kwenye bati.

Kumbe! Miaka mitatu ya kapu hilo! Mimi ninayejisifu kwamba chai naijua kwa harufu nikiwa nimefumba macho — macho niliyafumba kweli. Kijana wa Dar kaona kwa siku tatu. Ile mbili ni yangu. Inauma zaidi kwa kuwa ni halali.

Nikaenda nyumbani nikiwa nimelowa, nikamwambia Atupakisye ukweli. Mbili, siyo nne. Akaendelea kumenya ndizi. Akasema alijua tangu Jumanne: mwanamume aliyepata nne hanoi panga mara mbili.

Na jogoo?

Alikuwa mzee, akasema. Na ulihitaji kula.

Mke huyu! Mungu alinipa kwa kukosea anwani.

Nikamtuma kwa Ikupa, maana mimi siwezi kusema naye. Amwambie kesho alete ya kwake tu. Akarudi jioni. Ikupa amelia. Kasema hakuomba majani ya mtu. Lakini mtoto alipolazwa siku tisa, na Amoni yuko Mbeya na biashara zake, wanawake hao ndio waliomchumia shamba lake lisiharibike. Leo wakija na konzi ya majani magumu, aanzie wapi kuwakatalia?

Hata mimi nisingejua. Nikamwambia mke wangu: basi nitashika fagio. Akasema, acha ushujaa wa Kitwe, kesho bado.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika hapahapa bandani, nyuma ya daftari la mapokezi. Mwandiko unayumba, isomeke hivyohivyo.

Allen alifika saa nne, buti mpya, kalamu tayari. Makapu kumi na saba, mkono ndani yote kumi na saba. Akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha Lusungu akatundika 41.

Wanawake wote wakanyoosha shingo. Hata watoto wa mgongoni.

Allen akasema, Mkono, Mzee.

Nikasema, bosi, huyu ni mkamwana wangu. Kapu lake siligusi. Andika unachotaka. Ila mbili yako ilikuwa sahihi, nakushukuru.

Akafungua mdomo. Kabla hajasema, migomba ikatikisika. Khanga ya kijani imetoka! Amejifunika mpaka usoni, anakuja moja kwa moja kwenye mizani, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Nimegeuka upesi nikatazama ukuta. Heshima ni heshima.

Nasikia anashusha kapu. Nasikia turubai linakung'utwa. Sasa anamwaga — mwenyewe, yote, mpaka la chini, kila mtu aone.

Mwanamke mmoja kasema, Yesu wangu! Mwingine kaanza kulia, au kucheka, sijui. Lusungu kapiga mluzi mrefu. Mluzi wake wa kitu kizuri na wa kitu kibaya ni uleule.

Allen anasema, Mzee, geuka utazame.

Ukuta huu una kutu pembeni. Sikuwahi kuiona.

Anasema tena, safari hii taratibu: Mzee Ambindwile, wewe ndiye karani. Yanapita au hayapiti?

Nimemwambia, mwulize mwenye kapu: leo yeye ndiye karani wa kapu lake.